Usiitishe Kura Hiyo, Oliva

Oliva mwanangu,

Salamu tumeshapeana mezani, na kwaheri tutapeana stendi, kwa hiyo hapa naingia moja kwa moja. Habari za blanketi, chandarua, na kumpigia mama yako simu kila Jumapili, hayo yote amekwishakuambia mwenyewe, tena amerudia mpaka nadhani hata mbuzi wa zizini wameyashika. Mimi nina jambo moja tu. Limenishinda mdomoni, ndiyo maana naliandika, na nitakupa karatasi hizi ukiwa umeshapanda basi ili usipate nafasi ya kubishana na mimi. Nakujua.

Jana tulipokuwa tunakula, mwenyekiti wa kile kijiji unachokwenda kukifanyia kazi alikupigia simu. Uliweka sauti ya nje, tukamsikia sote. Alikukaribisha vizuri, akakuita mheshimiwa mtendaji, na wewe ukatabasamu, na mimi moyoni nikajivuna. Halafu akasema, "Ila mtendaji, ukifika tu tuna jambo la haraka. Mtumbwi umezama, vijana wetu wamekufa, na ziwa lilikuwa shwari kabisa. Wananchi wanataka kura. Mkutano bila mtendaji haunogi, kwa hiyo tunakusubiri wewe." Ukamjibu, "Sawa mwenyekiti, nikifika tutaliweka sawa."

Ulipokata simu uliniona nimeacha kula. Ukasema, "Baba, ni kura tu. Tena ya siri. Watu wakishatoa ya moyoni watatulia. Wala hatutasema ya wachawi, tutasema ya kubaini wahalifu."

Nikanawa mikono nikatoka nje. Mama yako akadhani ugali haujaiva.

Mwanangu, hayo maneno yako, neno kwa neno, niliyasema mimi. Niliyasema nikiwa mwenyekiti wa kijiji hiki, nimevaa koti, nimesimama mbele ya ubao wa darasa la nne. Na aliyetajwa siku ile alikuwa dada yangu Skolastika, shangazi yako Skola.

Wewe unachojua ni kwamba shangazi alihamia Wampembe kufanya biashara ya dagaa, akaugua, akafia huko. Ndivyo tulivyokuambia. Kufa alifia huko kweli. Ila hakuhama, Oliva. Alihamishwa.

Nianze nyuma kidogo ili unielewe, na usikunje uso, historia si mali ya walimu peke yao. Babu yako alikuwa akituambia kwamba zamani hapa Ufipa mtu akishindwana na jirani yake hapigani. Anang'oa mlango wake, anaubeba mgongoni, anakwenda kujenga ng'ambo ya bonde. Basi, ugomvi umekwisha. Wakicheka wakilia, kila mtu na moshi wake. Halafu zikaja nyakati za kuunganisha vijiji, serikali ikatuweka kwenye mstari mmoja kando ya barabara, nyumba inaitazama nyumba. Shule tukapata, zahanati tukapata, sikatai. Lakini pa kubebea mlango pakaisha. Uliyegombana naye leo, kesho unaamka unamkuta kisimani, kesho kutwa yuko nyuma yako kwenye foleni ya komunyo. Watu wakajifunza kunyamaza. Sisi Wafipa tunasifiwa kwa upole, na upole tunao, ila mwingine si upole, ni chuki iliyokosa njia ya kutokea.

Kwenye kijiji cha namna hiyo ndimo nilimogombea uenyekiti. Nilikuwa na umri mdogo kuliko ulionizoea nao, na mdomo nilikuwa nao. Ahadi yangu kubwa ilikuwa mbolea. Nikasimama kila kitongoji nikawaambia: nichagueni mimi, mbolea ya ruzuku itafika kabla ya mvua za kwanza. Na nikawaambia waachane na intumba. Wewe umezikuta chache tu, vile vichuguu vya majani na udongo ambavyo bibi zetu walikuwa wakivipindua mvua zikikaribia kwisha, wanapanda maharage juu, majani yanaozea ndani, msimu unaofuata wanavisambaza na kupanda ulezi au mahindi. Kazi ya kuvunja mgongo. Mimi nikasema huo ni ujima, tulime kisasa. Watu wakapiga makofi. Nani apende kuvunjika mgongo?

Shangazi yako Skola hakupiga makofi. Alikuwa mjane, hana mtoto, ana lile shamba la bondeni na jembe lake. Alikuja nyumbani akaniambia, "Mdogo wangu, mbolea yako ikichelewa tutakula makofi?" Nikamcheka. Kwenye mkutano uliofuata nikamtania mbele za watu, nikamwita mama vichuguu. Jina likamganda. Hata watoto wakimpita njiani walikuwa wanamwita hivyo, na yeye anawajibu, "Marahaba," kana kwamba wamemwamkia.

Nilishinda uchaguzi. Na hapa naomba usome taratibu. Kabla ya kura kupigwa, wakala mmoja wa pembejeo kule mjini Majengo alikuwa ameshaniambia, "Ndugu mgombea, mwaka huu msitegemee mapema, mzigo haujatoka." Nilijua. Nikanyamaza, nikasema nikishashinda nitajua la kufanya. Nikashinda, nisijue la kufanya.

Mvua zikaja. Mbolea haikuja. Mahindi yakatoka, yakanyanyuka mpaka magotini, yakaanza kugeuka njano. Kila nikipita watu wanaacha mazungumzo. Nikienda kilabuni mtu ananiuliza kwa sauti ya upole, upole huo nilioutaja, "Mwenyekiti, ile ahadi imefikia wapi?" Kijiji kizima njano. Isipokuwa shamba moja, kule bondeni. La Skola lilikuwa kijani mpaka unaona haya kulitazama.

Sasa fikiria. Mtu mwenye akili timamu angesema, loo, yule mama na vichuguu vyake alikuwa sahihi. Wazee walikuwepo waliojua, walikuwa wamelima hivyo maisha yao yote. Lakini kulisema hilo maana yake ni kusema sisi wengine wote tulikuwa wajinga kumsikiliza mwenyekiti. Ikawa rahisi kusema mazao yetu yamehamia shambani kwake usiku. Na mimi nilisikia wakilisema. Unajua nilijisikiaje? Nilipata nafuu. Wiki ile hakuna aliyeniuliza habari ya mbolea.

Halafu radi ikampiga mke wa Filbeti. Filbeti unamfahamu, huyu jirani yetu wa upande wa kisima, anayeimba sauti ya nne kanisani. Mkewe alikuwa anaanua nguo, mvua ikiwa bado iko mbali. Aliacha watoto wadogo watatu. Tumezika, tumemaliza matanga, Filbeti akaja kwangu na wanaume wengine. Hakupiga kelele. Alikaa pale kwenye benchi akasema, "Mwenyekiti, mimi sitaki kumwonea mtu. Nataka kujua tu. Itisha kura. Ikitajwa hewa, asipatikane mtu, nitarudi nyumbani nilee wanangu."

Ningemjibu nini? Majibu mengi yalikuwepo, ila nayaona sasa. Ningemwambia Filbeti, radi ni radi, mke wako amekufa na hakuna wa kumkamata. Ningekaa naye pale mpaka alie, maana alikuwa hajalia. Ningemwambia mahindi yako ni ya njano kwa sababu yangu. Lakini nikaona hasira ya kijiji kizima imesimama mlangoni kwangu, imeinua mkono kubisha hodi, halafu inaniuliza kwa adabu kama kuna mlango mwingine. Nikaionyesha mlango mwingine.

Nikasema ni kura tu, tena ya siri.

Na nilijiona mwema, Oliva! Hilo ndilo linalonila. Vijiji vingine walikuwa wanawaleta watu wa kunyoa watu vichwa na kuwanywesha dawa, wengine wanapiga kabisa. Mimi nikasema hapa kwangu tunafuata utaratibu. Karatasi zikakatwa sawasawa. Tukatoboa boksi la sabuni. Kila mtu mzima karatasi moja, anaingia darasani peke yake, anaandika, anatumbukiza, anatoka. Asiyejua kuandika anamnong'oneza mwalimu. Mwalimu yule aliomba uhamisho mwaka uleule, na alipokuja kuniaga hakunitazama usoni.

Tulihesabu mbele ya watu wote. Mimi nafungua, nasoma, mwalimu anapiga mstari ubaoni kwa chaki. Yalitajwa majina mengi mwanzoni, huyu na yule, watu waliogombania mipaka, mwanamke aliyemnyang'anya mwenzake mume. Halafu likaanza Skola. Skola. Skola tena. Wewe hujawahi kusoma jina la ndugu yako mara nyingi hivyo kwa sauti. Nilikuwa nalisoma kwa sauti ya mwenyekiti, ile ya mikutanoni, maana nilijua nikiilegeza nitaanguka.

Alikuwa amekaa mbele kabisa, kwenye dawati la watoto, amejifunga kanga yake ya kanisani. Mistari ilipojaa upande wake akanyoosha mkono. Akasema, "Mwenyekiti, naomba kuuliza."

Nikamwambia, "Subiri kwenye mengineyo."

Ndiyo. Dada yangu. Aliyenibeba mgongoni mama yetu alipokuwa shambani, na miaka mingi baadaye akakubeba na wewe. Nilimwambia asubiri kwenye mengineyo, kwa sababu tulikuwa bado kwenye ajenda.

Hatukufika kwenye mengineyo. Vijana walishatoka mbio kwenda nyumbani kwake kung'oa mabati. Nikawafuata nikiwaambia, "Jamani, mali ya mtu msiharibu." Mali. Ndilo neno nililolipata. Skola akaja nyuma yetu anatembea polepole, akaingia ndani ya nyumba isiyo na paa, akatoka na jembe na kifurushi cha ulezi. Watu wakampisha. Hakuna aliyemgusa, nasi tukajisifu kwa hilo, kwamba Wafipa ni watu wa amani. Wewe ulikuwa hujaanza shule. Ulimkimbilia ukamshika kanga, na mama yako akakuvuta, ukalia mpaka ukapata homa. Ulipouliza tukakuambia biashara ya dagaa.

Mbolea ilifika mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Hakuna aliyelalamika. Wengi wape, tunasema mikutanoni, na wengi walikuwa wamepewa. Uchaguzi uliofuata nilishinda tena, kwa kura nyingi kuliko za kwanza.

Lile shamba la bondeni tunalolima ni la kwake. Wapo wanaosema nilimfukuza dada nipate shamba. Si kweli, lakini tumelilima, na mahindi yake umeyala, na yamekusomesha. Sikuambii hivi ili chakula kikukwame kooni. Nakuambia ili ujue kwamba jambo la namna hii likishafanyika, hata asiyehusika linamlisha.

Nilikaa muda mrefu kabla ya kumfuata. Nilikuwa namtuma mtu na unga, unga unarudi. Hatimaye nikapanda lori la mizigo nikashuka nalo kule ziwani, kwenye yale makona ambayo wewe utayaona kesho na utafumba macho. Nikamkuta ufukweni Wampembe anageuza dagaa juani. Amekuwa mweusi, amekonda, lakini mikono ileile. Nikamwamkia, "Shikamoo dada."

Akaniangalia. "Marahaba, mwenyekiti. Karibu."

Hakuniita mdogo wangu. Alinipa kigoda, akanipikia samaki wa migebuka na ugali wa muhogo, tukala. Akaniuliza habari zako, kama umekua, kama bado unang'ata kucha. Nikamwambia, "Dada, nimekuja kukuchukua. Watu wameshasahau."

Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Wamesahau? Basi mimi ndiye katibu, maana nakumbuka kila kitu." Halafu akaacha kucheka. "Nirudi wapi? Ule mkutano hujaufunga. Mimi nilinyoosha mkono, ukaniambia nisubiri kwenye mengineyo. Bado nasubiri. Waite watu palepale, darasani palepale, unifikie na mimi. Nitauliza swali langu, utanijibu, tutafunga kwa sala, nitarudi nyumbani."

Nikamuuliza, "Swali gani, dada? Niulize sasa."

"Hapana," akasema. "Si la ufukweni."

Niliondoka nikijiambia nitauitisha. Wallahi niliondoka nikijiambia hivyo, mimi Mkatoliki naapa kama watu wa pwani. Nilipofika juu huku nikaona aibu. Nikaona nisubiri mavuno. Nikaona nisubiri Pasaka. Kuna wakati uchaguzi ulikuwa karibu, kuna wakati Filbeti alikuwa anaoa tena, sikutaka kumharibia. Skola akafa nikiwa bado nasubiri wakati mzuri. Tulipopata habari alikuwa ameshazikwa na watu ambao hawakumdai kitu. Swali lake silijui mpaka leo. Kuna siku najiambia lilikuwa dogo tu. Kuna siku najua lilikuwa hili: "Mdogo wangu, na wewe unaamini?"

Sasa wewe. Najua umesoma sheria, najua utaniambia kura za namna hiyo haziruhusiwi na wewe hutaruhusu mtu aguswe. Mimi pia sikuruhusu mtu aguswe. Usidhani watakuja na mapanga. Watakuja na adabu, na kwenye benchi watakaa vizuri, na mfiwa atakuwa mtu mwema kama Filbeti. Watakuita mheshimiwa. Wewe ni mgeni, kijana, mwanamke, tena umetoka Sumbawanga, watakutania kwamba huko kwenu ndiko radi zinakouzwa, na utataka kuwaonyesha kwamba unawasikiliza. Hapo ndipo pabaya.

Mimi ningekuwa na nafasi yako, ningefanya nilichoshindwa. Ningekwenda misibani kwanza, kabla hata sijafungua ofisi. Ningekaa chini na mama zao. Ningeuliza ule mtumbwi ulikuwa na umri gani, ulikuwa umebeba watu wangapi, nani aliwahi kulalamika kwamba unavuja na alilalamika kwa nani. Majibu ya maswali hayo hayapendezi, kwa kawaida yanaishia kwenye ofisi ya mtu fulani, pengine ofisi yako mwenyewe kabla hujafika. Watakasirika. Waache wakukasirikie wewe. Watakutukana, watasema umehongwa, watasema na wewe ni mmoja wa hao wachawi. Kaa utukanwe. Hasira yao ni halali na inatafuta mtu, na wewe angalau una mshahara na basi la kurudi nyumbani. Bibi mmoja kule pembeni ya kijiji, ambaye humjui na hajui kama unakuja, hana. Huyo ndiye ninayemwandikia barua hii, kupitia kwako.

Na wasikudanganye kwamba watatulia. Sisi hatukutulia. Kijiji hiki kila mtu anajua kwamba jirani yake aliandika, na hakuna anayejua alimwandika nani. Mama yako na mimi tumelala kitanda kimoja miaka yote hii, sijawahi kumuuliza aliandika jina gani siku ile, naye hajaniuliza. Tunazungumza habari za kuku, habari zako, habari za mvua. Likitajwa jina la Skola mmoja wetu anakumbuka kitu jikoni.

Lakini langu mimi nitakuambia. Niliingia darasani wa mwisho, nikaishika kalamu, nikaikunja karatasi yangu bila kuandika kitu. Nikajiambia, mimi mikono yangu ni safi. Tulipohesabu, kila karatasi ilikuwa na jina. Ya Filbeti, ya mwalimu, ya mama yako, hata ya Skola mwenyewe, naye alikuwa ameandika mtu. Tupu ilikuwa moja tu kwenye boksi zima, na niliijua kwa mkunjo wake.

Miaka yote, karatasi hiyo ndiyo imekuwa ikinifariji, kwamba mimi angalau sikumwandika mtu. Jana nimesimama nje pale ndipo nikaelewa ilikuwa inasema nini. Wenzangu waliandika kwa sababu waliamini. Kijiji kizima kilikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kwamba hakuna wa kuandikwa, na ndiye aliyeitisha mkutano.

Na wewe huamini, Oliva. Nimekulea mwenyewe, najua huamini. Ukiitisha kura hiyo, utakuwa wa pili.

Ni mimi baba yako, ninayekupenda kuliko nilivyoweza kukuambia mezani.